Mali na Neno "Changu"

Mali ina sifa zake, na mtu asiyezikiri sifa hizo hana haki ya kuzitaja aibu zake. Mali humvika aliye uchi, humlisha mwenye njaa, humwezesha mzazi kumpeleka mtoto shuleni, na humpunguzia mzee hofu ya kesho. Wahenga waliosema kuwa akiba haiozi hawakuwa walafi. Walikuwa watu waliokwisha kuiona njaa. Kwa sababu hii agizo la Injili kwa kijana tajiri, kwamba auze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate Bwana, ni agizo zito sana. Halikumtaka aache uovu, maana amri alikuwa akizishika tangu ujana wake. Lilimtaka aache kitu chema. Kijana akaenda zake kwa huzuni, na huzuni ile imekaa mlangoni mwa Ukristo kwa karibu miaka 2,000, kila kizazi kikipita na kuitazama. Mali huzuia imani kwa njia gani? Na yule aiachaye hupata nini ambacho mwenye kubaki nayo hakipati?

Wengi wamelijibu swali hili kwa maneno, na wachache wamelijibu kwa maisha. Katika Misri, yapata mwaka 270, kijana mmoja aitwaye Antoni, aliyekuwa amefiwa na wazazi wake, aliingia kanisani akasikia maneno hayohayo yakisomwa. Akatoka, akawagawia wanakijiji mashamba yake, akauza vyombo, akaweka kidogo tu kwa ajili ya dada yake mdogo. Aliporudi kanisani akasikia agizo la kutoisumbukia kesho. Akatoa hata kile kidogo, na dada yake akamweka chini ya ulinzi wa wanawake wacha Mungu, kisha akaenda kuishi maisha ya upweke. Wasomaji wa habari zake, zilizoandikwa na Askofu Athanasio wa Aleksandria, wamemstaajabia tangu zamani. Lakini msomaji aliyelelewa kujua kuwa mali ya mtu mmoja hutazamwa na macho mengi huuliza pia habari za yule dada. Swali lake ni la haki. Mtu aweza kutoa kilicho chake. Je, aweza kutoa kilicho tegemeo la mwenziwe? Swali hili lafaa liwe karibu inaposimuliwa habari ya mtu ambaye jina lake limekuwa kama jina la pili la umaskini wa hiari, yaani Fransisko wa Assisi.

Fransisko alizaliwa katika mji wa Assisi, Italia, mwaka 1181 au 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara wa nguo ambaye safari zake zilimfikisha hata Ufaransa. Zama zile nguvu iliyokuwa imekaa katika ardhi na upanga ilianza kuhamia katika mifuko ya wafanyabiashara, na mwana wa Pietro hakupungukiwa na kitu. Alipenda karamu, nyimbo na mavazi mazuri. Alitamani sifa ya vita. Akapigana upande wa mji wake dhidi ya Perugia, akatekwa, akakaa kifungoni yapata mwaka mzima, na baada ya kutoka akapatwa na maradhi. Alipopona hakuziona tena starehe zake kwa jicho lile la kwanza.

Hata hivyo, mabadiliko yake hayakuanza na fedha. Katika wosia alioacha mwaka 1226, Fransisko aliutaja mwanzo wa toba yake kuwa ni wakati alipokwenda kati ya wakoma, watu ambao zamani hakuweza hata kuwatazama bila ya kuona uchungu, na kwamba huruma aliyowapa ndiyo iliyougeuza uchungu wake kuwa utamu. Maneno hayo yastahili kufikiriwa. Kitu cha kwanza alichokiacha hakikuwa nguo wala sarafu. Kilikuwa ule umbali ambao mtu mwenye raha huuweka kati yake na mtu mwenye dhiki. Nguo nzuri ni sehemu ya umbali huo, na ukuta wa nyumba ni sehemu yake, na mlango wenye komeo ni sehemu yake. Aliyeuondoa umbali kwanza hakuona taabu kubwa kuviacha vitu vilivyoulinda.

Kisha likatokea jambo ambalo wenye kumsifu hulipita upesi. Fransisko alichukua nguo za dukani kwa baba yake, akapanda farasi mpaka mji wa Foligno, akauza nguo na farasi pia, akarudi kwa miguu na fedha mpaka San Damiano, kanisa dogo lililokuwa likibomoka nje ya Assisi. Akataka kumpa padri wa pale zile fedha. Padri alikataa kwa kuwaogopa jamaa zake, na Fransisko akazitupa dirishani. Basi sadaka ya kwanza ya mtu huyu mashuhuri ilikuwa sadaka ya mali ya mtu mwingine. Pietro alidai haki yake, na shauri likafika mbele ya Guido, Askofu wa Assisi, mwaka 1206. Askofu hakumsifu kijana. Alimwamuru arudishe fedha, kwa kuwa Mungu hapendi kanisa lake lijengwe kwa mali iliyopatikana kwa njia isiyo halali. Fransisko akazirudisha. Kisha akavua na nguo alizozivaa, akaziweka miguuni pa baba yake, akatangaza kuwa tangu siku ile Baba yake ni yule aliye mbinguni. Askofu akamfunika kwa joho lake.

Wachoraji wamelichora tukio hilo mara nyingi kwa ajili ya ule uchi wa kijana na lile joho la askofu. Lakini kiini chake ni zile fedha. Umaskini wa Fransisko ulianza kwa kurudisha, si kwa kutoa, na mpangilio huo ni wa Injili yenyewe, kwa maana Zakayo mtoza ushuru aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na pia kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Sadaka isiyotanguliwa na malipo ya deni ni njia nzuri ya kuusahau wizi. Afrika ya Mashariki imelishuhudia jambo hili. Katika miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, katika Rwanda, ulienea Uganda, Tanganyika na Kenya, na walioguswa nao walitambulika si kwa nyimbo na maungamo tu, bali kwa kuwarejeshea watu vitu walivyowaibia na kulipa madeni yaliyofichwa. Mtu aliyebeba kitu cha wizi mchana, mbele ya majirani, kukirudisha kwa mwenyewe, alikuwa ameacha zaidi ya kile kitu. Alikuwa ameacha na sifa yake. Hapo ndipo swali la dada yake Antoni linapopata sehemu ya jibu. Mwenye kuacha mali hana budi kujua kwanza ni kiasi gani cha mali hiyo kilikuwa chake.

Mwaka 1208 Fransisko alipata mwenzi, Bernardo wa Quintavalle, mtu tajiri wa Assisi. Bernardo aliuza alivyo navyo, akagawa fedha hadharani kwa maskini. Masimulizi husema kuwa padri mmoja, jina lake Silvestro, aliyekuwa amemwuzia Fransisko mawe ya kutengenezea kanisa, alipoona sarafu zikigawiwa alilalamika kuwa bei aliyopewa ilikuwa ndogo. Fransisko akampa sarafu tele bila ya kuhesabu, akamwuliza kama sasa malipo yake yametimia. Silvestro alikwenda nyumbani ameridhika, na baada ya siku chache ile ridhaa ikaanza kumwaibisha. Mwishowe naye akajiunga na ndugu wale. Mwaka 1209 Papa Inosenti III aliyakubali maisha yao kwa mdomo, na mwaka 1223 Papa Honori III akaithibitisha Kanuni yao kwa maandishi. Kanuni hiyo iliwakataza kupokea sarafu. Walifanya kazi kwa mikono, wakapokea mahitaji ya mwili kuwa ujira, na ujira ulipokosekana waliomba chakula mlango kwa mlango.

Askofu Guido aliwahi kumwambia Fransisko kuwa maisha yasiyo na mali yoyote ni magumu mno. Naye alijibu kwa hoja ya mtu aliyezaliwa katika nyumba ya biashara na kupigana vitani: kwamba kama wangekuwa na mali wangehitaji silaha za kuilinda, na kwamba kutoka katika mali huzaliwa mashtaka na magomvi yanayozuia upendo wa Mungu na wa jirani. Jibu hili halisemi kuwa mali ni chafu. Lasema kuwa mali hudai ulinzi, na ulinzi humdai mlinzi. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema kweli. Lakini daftari nalo lina njaa yake. Humla mwenyewe usiku anapohesabu, na humla sala yake anapopiga magoti huku akilini anajumlisha.

Kwa upande wa pili, imani hukua mahali ambapo mtu hana budi kutegemea. Ndugu mmoja aliyekuwa mpishi alikuwa na desturi ya kuloweka kunde jioni ili azipike kesho yake, kama afanyavyo kila mpishi mwenye akili. Fransisko hakupenda, alitaka kunde zilowekwe siku ileile ya kuliwa, ili agizo la kutoisumbukia kesho lishikwe hata jikoni. Mtu aweza kucheka, maana kesho haibadiliki kwa sababu ya bakuli la kunde. Lakini jambo hili dogo laonyesha nini kilichotafutwa. Wakristo wengi humwomba Mungu riziki ya leo hali riziki ya mwaka imekwisha kuwekwa ghalani, na kwa hiyo sala ile hupita midomoni pao bila ya uzito. Ndugu wale walitaka sala hiyo iwe na maana yake yote. Kuacha mali hakukuwazidishia maneno ya imani. Kuliyapa maneno yaleyale mahali pa kusimama.

Hapa yafaa kuweka mpaka, kwa sababu habari za umaskini mtakatifu zimetumika mara nyingi kumnyamazisha maskini asiyependa umaskini wake. Umaskini uliochaguliwa na umaskini uliotwishwa ni vitu viwili. Yule aliyechagua alikuwa na mlango wa kuingilia. Aliyetwishwa amezaliwa ndani na hauoni mlango wa kutokea. Fransisko hakuwaendea wakoma kuwaambia waridhike. Aliwaosha vidonda. Bernardo hakuichoma moto mali yake ili aonekane mtawa. Aliwapa wenye haja, na kwa kila sarafu iliyomtoka mtu mmoja alipata mkate. Wala maisha ya ndugu wale hayakutakiwa kwa kila mtu. Mwongozo wa mwaka 1221 wa watu wa toba walioishi majumbani na wake na watoto wao haukuwataka wauze vyote. Uliwataka warudishe walichokipata kwa dhuluma, waandike wosia mapema, na wasichukue silaha za vita. Baba wa watoto hakuruhusiwa kununua utakatifu wake kwa njaa ya wanawe. Hilo ndilo jibu kamili zaidi kwa habari ya dada yake Antoni.

Lakini hata kwa wale waliotoa vyote, kazi haikwisha siku ya kutoa, na hili ndilo fundisho gumu kupita yote katika maisha ya Fransisko. Vitu huachwa kwa siku moja. Neno "changu" hurudi kila asubuhi. Fransisko alilijua neno hili kama mwindaji anavyojua nyayo. Aliposikia kuwa katika mji wa Bologna kuna nyumba inayoitwa nyumba ya ndugu, aliamuru wote watoke, hata wagonjwa, wala hawakurudi mpaka Kardinali Hugolino alipotangaza hadharani kuwa nyumba ni yake yeye Kardinali. Watu wa Assisi walipojenga nyumba ya mikutano karibu na kanisa dogo la Porziuncola, alipanda juu ya paa akaanza kuviangusha vigae kwa mikono yake, na hakuacha mpaka alipoambiwa kuwa nyumba ni ya mji, si ya ndugu. Hata lile kanisa dogo, alilolipenda kuliko mahali pote duniani, hakukubali kulipokea liwe mali yao. Lilikuwa la watawa wa Mtakatifu Benedikto, na kila mwaka Fransisko aliwapelekea kikapu cha samaki wadogo kuwa kodi, nao wakampa mtungi wa mafuta kuwa shukrani. Thamani ya samaki wale ilikuwa ndogo, lakini kila mwaka walimkumbusha mpangaji kuwa yeye ni mpangaji.

Wanafunzi na wataalamu wana kisa chao katika habari hizi. Ndugu mmoja kijana aliomba ruhusa ya kuwa na kitabu cha Zaburi. Katika karne ile kabla ya mashine za kupigia chapa, kitabu kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na bei yake ilikuwa kubwa. Lakini ombi lenyewe lilikuwa la ibada, si la anasa. Fransisko alimwambia kwamba akiisha kupata kitabu cha Zaburi atataka kitabu kikubwa cha sala, na akiisha kukipata hicho ataketi katika kiti kama mkuu wa kanisa na kumwamuru ndugu yake amletee kitabu chake. Hakumaanisha kuwa kitabu ni kibaya. Aliona kuwa elimu nayo ni mali, na kwamba ni mali ya hatari zaidi kwa sababu haionekani. Mwenye ng'ombe mia hujulikana kuwa tajiri, naye mwenyewe ajua. Mwenye maarifa aweza kujihesabu maskini maisha yake yote, huku akimtazama asiyejua kwa jicho lilelile ambalo tajiri humtazamia mwombaji. Na Fransisko alionyesha namna kitabu kinavyoweza kuachwa bila ya kudharauliwa. Mama mmoja, ambaye wanawe wawili walikuwa ndugu wa shirika, alipokuja kuomba msaada na nyumbani hamna kitu, aliamuru apewe Agano Jipya pekee walilokuwa nalo, auze apate riziki. Aliamini kuwa Mungu angependezwa zaidi na kutoa kitabu kile kuliko na kukisoma.

Baada ya kifo chake neno "changu" lilirudi kwa mlango wa sheria. Fransisko alitangazwa kuwa mtakatifu mwezi wa Julai mwaka 1228, na siku ya pili yake Papa Gregori IX, ambaye ndiye yule Hugolino, aliweka jiwe la msingi la kanisa kubwa juu ya kaburi la mtu aliyeangusha vigae. Mwaka 1230 Papa huyo aliamua kuwa wosia wa Fransisko hauwafungi ndugu kisheria. Mwaka 1245 Papa Inosenti IV alitangaza kuwa nyumba na vyombo wanavyotumia ni mali ya Kiti Kitakatifu, nao ni watumiaji tu. Shirika lilikuwa limekua, wagonjwa walihitaji vitanda na wanafunzi walihitaji vitabu. Lakini matokeo yake ni kwamba watu wakawa na kila kitu bila ya kumiliki kitu. Wengine walikasirika, wakataka kuishi kama zamani, katika kanzu fupi zenye viraka na bila ya maghala ya nafaka na divai. Waliamriwa watii, na wanne waliokataa walichomwa moto Marseille mwaka 1318. Mwaka 1322 Papa Yohane XXII alilirudishia shirika umiliki wa vitu hivyo, na mwaka 1323 akatangaza kuwa ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume hawakuwa na mali yoyote.

Msomaji wa habari hizi huona haya kwa ajili ya pande zote mbili. Waliochoma watu kwa ajili ya kanzu na maghala walikuwa wamepotea sana; hilo halihitaji hoja. Lakini hata kwa waliopigania umaskini kulikuwa na hatari ya siri, kwamba umaskini wenyewe uweza kuwa mali, kitu cha kulindwa, cha kujivunia, cha kumwonyesha mwenzako kuwa yeye hana. Mtu aweza kuacha nyumba, shamba na fedha, akabaki na umaskini wake, akausimamia kama bahili anavyosimamia sanduku.

Klara wa Assisi aliipita hatari hiyo kwa utulivu ambao wanaume wengi wa shirika hawakuwa nao. Alikuwa binti wa ukoo wa kibwana. Akaondoka kwao usiku yapata mwaka 1212, akaishi San Damiano mpaka kufa kwake. Nyumba za watawa wanawake zama zile zilitegemea mashamba na mahari za watawa wenyewe, na wakubwa wa Kanisa, kwa huruma ya kweli, walimsihi akubali mali ili dada zake wasife njaa. Gregori IX alikuwa tayari hata kumfungua katika nadhiri yake. Klara alijibu kuwa hakutaka kufunguliwa katika kumfuata Kristo. Mwaka 1228 alipata kwa maandishi haki ya ajabu kuliko haki zote, haki ya kutolazimishwa kumiliki. Hakumlaumu mwenye kumiliki, wala hakuvunja utii. Alingoja. Kanuni aliyoiandika kwa ajili ya dada zake ilithibitishwa tarehe 9 Agosti, 1253, naye akafa tarehe 11.

Fransisko mwenyewe alikufa Porziuncola tarehe 3 Oktoba, 1226. Kifo kilipokaribia aliomba alazwe chini uchi, kama alivyosimama uchi mbele ya askofu miaka 20 nyuma. Ndugu aliyekuwa mkubwa wake alifahamu moyo wake, akamletea kanzu, akamwambia kuwa amemwazima tu, na kwamba kwa utii hana ruhusa ya kumpa mtu mwingine kwa sababu si yake. Mgonjwa alifurahi sana. Mtu aliyekuwa ametoa kila kitu alipewa kitu cha mwisho kwa namna ambayo hakuweza hata kukitoa, akakipokea.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maisha haya yaongeza kwamba hata kupokea ni moyo. Mwenye kutoa tu aweza kubaki bwana. Huwapa watu, nao humshukuru, na neno "changu" hukaa salama chini ya ukarimu wake. Mwenye kupokea kanzu ya kuazima hana ubwana tena. Huenda huo ndio ule ukamilifu ambao kijana tajiri aliuogopa: hakuogopa kukosa mali tu, aliogopa kuwa mtu wa kupokea. Kila mwenye mali, mwenye elimu au mwenye cheo atakifikia siku moja kitanda ambacho juu yake vitu vyote ni vya kuazima. Imani huwapa wengine nafasi ya kulijua jambo hilo mapema, wakiwa bado na nguvu za kulipa deni, kumkaribia wanayemwogopa, na kupeleka kikapu cha samaki kwa Mwenye nyumba.